Mwaka Niliomnyamazia Mama Anjelani

Mapendo ndiye aliyenipigia simu kunijulisha kwamba mama yake amefariki. Nilikuwa darasani, nikatoka barazani kumsikiliza. Hakulia. Alisema Mama Anjelani alikata roho jana yake asubuhi, baada ya kunywa uji, na kwamba mimi ni miongoni mwa watu ambao marehemu aliomba waambiwe mapema. Nilimpa pole, nikarudi kwa wanafunzi wangu. Ubaoni kulikuwa na mchoro niliokuwa nimeuanza: kompyuta moja, anwani moja, na majina matatu ya tovuti yanayoitegemea anwani hiyo. Kila mwaka nikifika kwenye somo hili hulifundisha haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemwogopa. Siku hiyo sikulimaliza. Niliwaambia vijana waende nyumbani, nikafuta ubao, nikakaa katika darasa tupu nikimfikiria mwanamke aliyenilisha kwa mwaka mzima, nami nikamwacha abebe kosa langu kwa muda wote uliobaki wa maisha yake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimerudi Uvira kutoka Bukavu na diploma ya kompyuta, nikapata kazi katika nyumba iliyopokea wanawake waliotendewa jeuri, wengine na watu wenye silaha, wengine na waume zao. Tuliiita Asubuhi. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, juu kidogo ya barabara ya Kalundu, kuta zake zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno na nyeupe kwenda juu. Ukisimama mlangoni uliona mashua zikipakua mizigo bandarini na wabebaji wakipanda mteremko na magunia ya simenti mabegani. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, zamani stoo ya nguo, na kilitenganishwa na ofisi ya mkurugenzi wetu, Mama Georgette, kwa ukuta wa mbao nyembamba za triplex. Mle ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja, betri nne zilizoshikana na paneli za jua juu ya bati, na serveri yetu, sanduku jeusi lililovuma mchana kutwa na kukifanya chumba kiwe na joto la mkate uliotoka jikoni. Kupitia ule ukuta nilisikia kila kitu: kalamu ya Mama Georgette ikianguka, wanawake wakilia, wengine wakicheka, na mara nyingi kimya kirefu ambacho hakuna aliyekikatisha.

Mama Anjelani alikuwa mtu wa mlango na wa jiko. Alimfungulia kila aliyebisha, akamketisha, akampa maji, kisha akarudi kwenye sufuria. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na alipenda kuongea kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Aliongea na wauza samaki, na kuku, na moto uliokataa kuwaka. Saa sita mchana alinigongea na sahani: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa vizuri, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa mpaka wakavunjika mdomoni. Alikaa kwenye kizingiti wakati ninakula, kwa sababu alisema mtu anayekula peke yake hashibi, akanisimulia habari za Kalundu yote: nani ameoa, nani ameuza bati za nyumba, mashua ya nani imepasuka. Katika mwaka ule mzima sikumsikia hata mara moja akitaja jina la mwanamke aliyekuja Asubuhi. Hilo nilipaswa kuliona. Nililiona, ila nililiona nikiwa nimeshachelewa.

Kazi yangu ilikuwa kuiwezesha Asubuhi kuwa na tovuti ambayo mwanamke angeweza kuandikia ombi lake kwa simu, bila mtu mwingine kulisoma njiani. Anwani ya tovuti ile hatukuitangaza redioni wala makanisani. Tuliiandika kwenye karatasi ndogo, ikapitishwa mkono kwa mkono. Kampuni iliyotuletea intaneti ilitupa anwani moja tu ya serveri, na kwa kuwa serveri ilikuwa na nafasi, Mama Georgette alikubali tuwahifadhi na wengine wawili: shule moja ya sekondari, na ushirika wa wakulima wa mpunga wa Sange, ambao walitaka kuonyeshana bei za soko. Kuweka tovuti nyingi kwenye anwani moja si jambo gumu. Simu ya mgeni inapofika hutaja jina la tovuti inayoitafuta, na serveri humpeleka panapostahili. Lakini kwa njia ya siri, ile ambayo anwani yake huanza na https, yenye herufi s ya ziada, kila tovuti inatakiwa iwe na cheti chake cha usalama na mlango wake. Mgeni akija kwa njia hiyo akitaja jina ambalo halijafunguliwa mlango, serveri haimfukuzi. Humpa mlango wa kwanza kwenye orodha. Na orodha hiyo, usipoipanga mwenyewe, hujipanga kwa alfabeti.

Mwalimu wangu wa Bukavu alinionya juu ya hilo. Alisema mlango wa kwanza usiwe wa mtu yeyote: weka hapo ukurasa mtupu, ili anayepotea akutane na ukuta. Niliandika maneno yake kwenye daftari. Kisha nikawapa Asubuhi na shule vyeti vyao, nikasema cha ushirika nitakishughulikia Jumatatu, na ule ukurasa mtupu pia Jumatatu. Jumatatu ilikuja na betri iliyoharibika, na Jumatatu iliyofuata ikaja na wageni waliotaka kuonyeshwa serveri. Nilivaa blauzi yangu nzuri, nikawaeleza kwa Kifaransa, wakanipongeza. Asubuhi ilianza kwa herufi A. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba hakuna aliyekuwa amelalamika.

Mwezi huohuo nilikwenda Sange kuwafundisha wanaushirika kutumia simu zao. Tulikaa katika ghala, juu ya magunia, vumbi la mpunga likituwasha shingoni. Wanaume walikuwa kumi na wawili na wanawake watatu, na walinisikiliza kama wanafunzi wa katekisimu. Mmoja wao aliitwa Salvatori, mtu mrefu, mpole, aliyenikalisha mahali palipokuwa na upepo na kuniuliza maswali mazuri. Niliwaambia wasisahau kamwe kuweka ile s katika anwani, kwa sababu ndiyo inayoleta usalama. Katibu wa ushirika akasema simu yake inaonyesha onyo jekundu akiiweka. Nilikuwa nimechoka, na basi dogo la kurudi Uvira lilikuwa limeanza kupiga honi. Nikawaambia wabonyeze palipoandikwa "endelea", kwamba onyo hilo si kitu.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo lilitokana na kupenda kwangu vitu vizuri. Kwenye ukurasa wa Asubuhi niliweka picha ya chumba cha kushonea. Niliipiga mwenyewe, mchana, jua likiingia dirishani: wanawake watano wameinama kwenye cherehani, wote wamegeuza mgongo. Mama Georgette aliitazama kwa muda, akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kutambulikana. Nikamwambia hakuna sura hata moja. Mwanamke wa pili kutoka dirishani alikuwa amevaa kikwembe cha manjano chenye kiraka cha buluu kwenye pindo, mahali palipounguzwa na pasi. Sikuona kiraka. Niliona mwanga.

Wiki chache baadaye katibu wa ushirika alinipigia simu. Alikuwa anacheka. Alisema siti yetu, yaani tovuti, imelewa, memba mmoja ameitafuta bei ya mpunga akaonyeshwa wanawake wanashona nguo. Nami nilicheka. Nilimwambia nitatengeneza. Nakumbuka nilikuwa na sahani mapajani, na Mama Anjelani kwenye kizingiti aliniuliza kinachotuchekesha, nikamjibu ni mambo ya mashine. Nilimaliza kula kwanza. Kisha nikalala kidogo, kwa sababu ya joto.

Mwanamke wa kikwembe cha manjano aliitwa Odeta. Alikuja kila Alhamisi kutoka Sange, akimwambia mume wake anakwenda kuuza mchele Uvira, na kweli aliuza, lakini saa mbili katikati ya siku alizitumia kwetu. Yaliyompata njiani akitoka shambani hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alhamisi moja alifika bila mchele, amembeba mtoto wake mdogo mgongoni na mfuko wa nguo mkononi. Mama Anjelani alimpitisha moja kwa moja kwa Mama Georgette, na mimi, upande wa pili wa triplex, niliacha kuandika. Odeta alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema mume wake anajua. Hakumpiga, hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba anajua Alhamisi anaendaga wapi, na kwamba anajua hata cherehani anayokalia, ya pili kutoka dirishani. Amemrudisha kwa wazazi wake Nyakabere na mdogo anayenyonya. Wawili wakubwa wamebaki Sange kwa baba yao.

"Amejuaje?" Mama Georgette akauliza.

"Alikataa kusema. Mama, ni muntu wa hapa. Nani mwingine anajua minye ninakaa wapi?"

Kisha Odeta akataja jina la mume wake, Salvatori. Nilifungua daftari la serveri, ile orodha ndefu ya kila simu iliyobisha hodi. Nilimpata mara moja: simu moja, njia ya siri, jina la ushirika, ukurasa wa Asubuhi. Siku tatu mfululizo ilirudi, na kila mara ilifungua ile picha, mara nne, mara sita, mara tisa. Nilimwona yule mtu mpole katika ghala lake, akiikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

Mama Anjelani aliitwa ofisini siku iliyofuata. Lawama ilimwangukia kwa wepesi, kwa sababu alikuwa na wifi sokoni Sange ambaye alikwenda kumtembelea kila mwisho wa mwezi, na kwa sababu alikuwa mtu wa maneno. Nilikuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, mikono juu ya meza. Nilimsikia Mama Georgette akimweleza bila hasira, kwa huzuni, kwamba nyumba hii haiwezi kusimama kama wanawake hawana imani na mtu wa mlango. Nilimsikia Mama Anjelani akiapa kwa watoto wake. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kiapo, kwa kuwa sikuwahi kumsikia akinyamaza.

"Mama Georgette," akasema mwishowe, "weye unanijua. Minye niko na mdomo, ndiyo. Lakini ya hapa sikuyatoaga."

"Basi nani, Anjelani? Niambie nani."

Kati yangu nao ulikuwepo ukuta wa unene wa kidole. Ningekohoa wangenisikia. Nilijiambia nitasubiri wamalize, nitaingia kwa Mama Georgette peke yangu, nitaeleza taratibu. Nilijiambia hawataelewa mambo ya vyeti na milango, watasikia tu kwamba mtu wa kompyuta amekosa, watazima serveri, na wanawake wataumia. Sababu nilizipata nyingi, na zote zilikuwa na sura ya huruma kwa wengine. Mama Anjelani alitoka, akaenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa imelowekwa, akaipindua ikauke. Kabla ya kuondoka alinigongea. Alikuwa amebeba sahani yangu, imefunikwa. Alisema leo sombe haina chumvi ya kutosha, nimsamehe.

Alipopita kwenye geti nilifungua serveri. Niliweka ukurasa mtupu mbele ya orodha, nikaomba cheti cha ushirika, nikaondoa picha. Robo saa haikuisha. Kisha nikafuta daftari la siku zile. Hili la mwisho sijawahi kulitetea hata moyoni mwangu. Mengine naweza kuyaita uzembe, au ujana, au woga. Kufuta ule ushahidi kulikuwa kazi ya mtu aliyejua vizuri anachofanya.

Mwisho wa mwaka ule Mama Georgette alinituma Nyakabere kumpelekea Odeta cherehani ya zamani, aweze kushona kwa wazazi wake. Alinipokea vizuri. Alinipikia maharage na ndizi, akanisukumia sahani iliyojaa kuliko yake, mtoto akitambaa kati yetu juu ya mkeka. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na nguo ndogo mbili za shule zilizoning'inia kwenye msumari, mpya, za watoto ambao hawakuwa pale. Aliniambia anazishona kwa kukisia, hajui wamekua kiasi gani. Tulipomaliza kula aliniita yaya, yaani dada, akaniuliza swali moja.

"Yaya Feza, yule mama wa mlango, nilimukosea nini?"

Nilimwambia sijui. Nililisema neno hilo huku mdomo wangu ungali na ladha ya chakula chake. Nilirudi Uvira jioni, na mwezi uliofuata niliacha kazi. Watu walifikiri nimepata mahali pazuri zaidi, na kweli nilipata.

Mama Anjelani alianza kuuza samaki Kalundu, karibu na mahali mashua zinapofika. Wanawake wengine walimpa jina la Redio, na ukimwambia mtu siri mbele yake watu waliangaliana. Nilikuwa ninapita pale mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa mwaka. Kila aliponiona alinichagulia mikeke miwili mizuri, samaki wa ziwani, akaifunga, akakataa nikipinga. Niliipeleka nyumbani, nikaila. Mwaka baada ya mwaka niliona anaongea kidogo zaidi. Nilidhani ni uzee.

Kilioni kwake watu walikuwa wengi, wamekaa uani juu ya viti vya kukodi na mikeka, wanawake wakimenya muhogo upande wa jikoni. Mama Georgette alikuwepo, na fimbo, macho yamefifia. Mapendo alikuja kunisalimu, mwanamke mzima sasa, muuguzi, ana mabega ya mama yake. Nilimwomba tuingie ndani. Tuliingia katika chumba cha marehemu, ambapo godoro lilikuwa limeondolewa na kitanda kimebaki mbao tupu. Nikamweleza yote, tangu Jumatatu ya kwanza mpaka daftari nililolifuta. Nilijitahidi kutumia maneno mepesi. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Kutengeneza kulichukua muda gani?" akaniuliza.

"Robo saa."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nimefikiri mama yake aliishi akijua kwamba amesingiziwa, na kwamba angalau ndani yake alikuwa safi.

"Mama hakuwa na uhakika," Mapendo akasema. "Aliwaza labda alisema bila kujua. Miaka yote alikuwa anatuuliza: mbele ya nani? Siku gani? Alikuwa anaihesabu safari moja moja ya Sange, na kila neno alilosema kwa wifi yake. Mwisho akaacha kuongea, akiogopa kusema tena. Hata wajukuu hawajui sauti yake vizuri."

Nilisema samahani, na neno lenyewe likaanguka kati yetu kama kifuniko cha sufuria. Mapendo aliinuka, akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa upole, akanitoa uani mpaka katikati ya wanawake waliokuwa wanamenya muhogo.

"Rudia hapa," akasema.

Nikarudia. Sijui walielewa nini kuhusu anwani na milango. Visu vilisimama. Bibi mmoja, ambaye nilikumbuka alikuwa akimwita Redio bila kuficha, aliuliza kama hii ina maana Anjelani hakusema. Nikamjibu hakusema kitu kwa mtu yeyote. Bibi yule aliweka muhogo wake chini na kufunika uso kwa kitambaa. Mama Georgette aliomba asaidiwe kusimama. Alisema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyemfukuza, na kwamba alimtaka Anjelani amtaje mkosaji badala ya yeye mwenyewe kumtafuta. Kisha akakalishwa.

Mapendo hakunisamehe siku ile, na sijui kama atanisamehe. Aliniambia kesho asubuhi nije na viatu vya kutembea, tunakwenda Nyakabere, na njiani nisimwongeleshe. Nilifika jua likichomoza, nikamkuta ameshasimama barabarani. Tulipanda basi dogo, kisha tukatembea mpaka Nyakabere. Odeta alikuwa nyumbani, nywele zimeanza kuwa nyeupe, watoto wote watatu wameshakuwa watu wazima na wako mbali. Alitupa viti. Nikasema niliyokuja kusema, mara ya tatu katika siku mbili, na kila mara yalikuwa mafupi zaidi, kwa sababu visingizio vilikuwa vinapungua.

Odeta alimgeukia Mapendo, akamuuliza mama yake amezikwa wapi. Mapendo akamwelekeza. Odeta aliingia ndani, tukasikia madirisha yanafungwa moja moja, akatoka amejifunga kitambaa kichwani na ufunguo mkononi. Tulirudi Uvira sote watatu kwa basi dogo. Wao walikaa mbele, pamoja, wakizungumza kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia, na mimi nilikaa nyuma.